Matusi ya Nguoni, Chupi Juu ya Suruali

Leo nimejitwika mzigo ambao mhariri wangu aliutazama mara mbili kabla ya kuuruhusu. Nataka tuzungumze juu ya vichekesho vichafu, na tuko redioni, saa ambayo huenda mko mkekani na wanao mnakula, au umo ndani ya daladala na dereva ndiye aliyefungulia redio. Kwa hiyo tuwekeane mkataba. Kila nitakapofika mahali ambapo mhusika anakitaja kitu kwa jina lake, nitapita nyuma, kama mtu anayepita nyuma ya wanaoswali. Utakachojaza mwenyewe kichwani ni juu yako, usiniandikie barua.

Tamthilia ninayoizungumzia inaitwa Peacemaker, yaani Mleta Amani. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 13 Januari 2022 kupitia HBO Max, vipindi vinane, na msimu wa pili ukafuata Agosti 2025, vinane tena. Mtunzi wake ni James Gunn, aliyeandika ule msimu wa kwanza mwaka 2020 wakati watu wamejifungia majumbani kwa sababu ya korona. Shujaa wake ni Christopher Smith, jibaba lenye misuli kama magunia, lililovaa kofia ya chuma inayong'aa kama sufuria mpya, lenye tai anayefugwa kama kuku, na lenye kiapo cha ajabu: anaipenda amani kwa moyo wake wote, wala hajali ataua wanaume wangapi, wanawake wangapi na watoto wangapi ili aipate.

Mara ya kwanza niliitazama sebuleni kwangu. Mpwa wangu aliniletea kwenye flashi na kuniambia tu, "Anko, hii ina John Cena." Hakusema zaidi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, na mama mkwe alikuwa amefika kumjulia hali. Tukakaa wote. Kipindi kile cha kwanza, kabla hatujamaliza chai, Cena yuko nyumbani kwa mwanamke waliyekutana baa usiku ule ule, na amebaki na chupi nyeupe peke yake, anaimba na kukata viuno mbele ya rafu ya santuri. Mama mkwe akauliza kama maharage hayaungui, akanyanyuka kwenda jikoni. Maharage hayakuwa hata yamechambuliwa. Bibi, ambaye kwa macho yake yale alikuwa anaona umbo tu, akaniuliza, "Mume wangu, yule mbona kama hana nguo?"

"Anacheza, bibi."

"Anacheza vizuri?"

"Hapana."

"Basi angevaa."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Na toka siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini tukio lile lile lilimfukuza mmoja na kumkalisha mwingine. Jibu la haraka kila mtu analo: bibi ni mtani wangu, mama mkwe siye. Ila jibu hilo lina mizizi mirefu kuliko sebule yangu, na naamini ndilo linalofungua tamthilia hii yote.

Tumalizane kwanza na John Cena. Wengi mnamfahamu. Ndiye yule mwanamieleka wa kaptura ya jinzi, anayepitisha kiganja mbele ya uso wake kumwambia mpinzani kwamba hamwoni. Watoto wa mitaa yetu wamepitisha viganja hivyo miaka nenda miaka rudi, wakivunjana mikono kwenye mchanga. Kampuni ya mieleka ya WWE ilipoamua mwaka 2008 kusafisha maonyesho yake ili watoto watazame na wazazi wao, uso wa usafi huo ulikuwa wa Cena. Kisha kuna jambo ambalo halihitaji mieleka: kupitia shirika la Make-A-Wish, ambalo huwatimizia watoto wenye maradhi mazito tamanio moja walilonalo, Cena alikwishatimiza matamanio zaidi ya 650 kufikia mwaka 2022, na kuingizwa kwenye kitabu cha rekodi za Guinness. Mtu huyo huyo, mwaka huo huo, akavaa kofia ya sufuria na kusema maneno ambayo mimi nikiyasema hapa kesho hamnisikii. Gunn alijua anachokifanya. Tusi likitoka kwa mhuni halishangazi mtu. Umchukue yule ambaye watoto humtaja kitandani hospitalini, umtie maneno hayo mdomoni, hapo chumba kizima kitageuza shingo.

Mashujaa wa katuni wa Kimarekani, ukitazama vizuri, wamekuwa wakivaa chupi hadharani tangu mwanzo. Superman alitokea mwaka 1938 amevaa ya kwake juu ya suruali, kwa mtindo wa wale wanyanyua vyuma wa kwenye sarakasi, na hakuna aliyeona haya. Sisi kwa Kiswahili tuna namna ya matusi tunayoyaita ya nguoni, kwa kuwa yanataja kilichofichwa na nguo. Sasa mtu aliyeitoa nje nguo ya ndani kabisa, na bado akabaki mtakatifu asiyelala na mwanamke wala kwenda chooni, huyo amekaa tu akisubiri kutaniwa. Amesubiri sana, kwa sababu palikuwa na uzio.

Uzio wenyewe ulijengwa mwaka 1954. Daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, aliandika kitabu akidai kwamba vitabu vya katuni vinawaharibu vijana, maseneta wakakaa kusikiliza, na wachapishaji kwa woga wakajitungia kanuni zao wenyewe kabla serikali haijawatungia. Lugha chafu marufuku. Polisi na majaji wasichorwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Wema lazima ushinde. Hata maneno kama "hofu" na "kitisho" yasiwekwe kwenye majina ya vitabu. Kitabu kisicho na muhuri wa kanuni hizo wauzaji wengi walikikataa. Ndani ya uzio huo, mwaka 1966, kampuni ndogo ya Charlton ikamzaa Peacemaker wa kwanza, kwa mikono ya Joe Gill na Pat Boyette. Alikuwa mwanadiplomasia, mtu wa suti, aliyeipenda amani kiasi cha kuipigania. Waliliandika hilo bila kutabasamu hata kidogo. Charlton ilipofifia, kampuni ya DC ikawanunua wahusika wake, na Alan Moore na Dave Gibbons walipotunga Watchmen miaka ya themanini, walimchukua Peacemaker kama udongo wa kufinyangia mhusika wao katili kuliko wote. Wakamwita Mchekeshaji. Kwa hiyo mzaha ulikuwa umekwishamwingia mwilini kabla Gunn hajamgusa.

Uzio wa pili unatuhusu zaidi sisi watu wa redio. Mwaka 1972 mchekeshaji George Carlin alitunga mchezo juu ya maneno saba ambayo, alivyosema, huwezi kamwe kuyasema kwenye televisheni, kisha akayasema yote saba, kwa mpangilio, kama mwalimu anayeita majina darasani. Mwaka uliofuata kituo cha redio cha WBAI cha New York kikarusha mchezo wake wa aina hiyo, saa nane mchana. Baba mmoja aliyekuwa garini na mwanawe akausikia na kulalamika, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1978 majaji watano dhidi ya wanne wakasema serikali ina haki ya kudhibiti lugha ya namna hiyo kwenye mawimbi ya wazi, kwa sababu redio huingia nyumbani bila kubisha hodi na mtoto hana mlango wa kumzuia. Kwa Kenya kanuni za utangazaji zinataka mambo ya watu wazima yasiruhusiwe kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na mantiki yake ni ile ile ya gari na mtoto. Lakini HBO tangu izaliwe haikuwa ya mawimbi ya wazi. Mtu anailipia, anaiomba iingie. Hodi imepigwa na mwenye nyumba mwenyewe. Ndiyo maana uchafu wa Marekani ulihamia huko kama panya waliofukuzwa ghala moja wakakuta jingine limejaa zaidi.

Ila kufunguliwa mlango si sababu ya kutoka uchi. Baada ya nyuzio hizo kurukwa, kila mtu alikimbilia kuwavua mashujaa. Ipo The Boys, tangu 2019, ambayo mimi niliifuata kwa hamu na kisha nikachoka: kila msimu ulilazimika kupasua mwili kwa namna mpya, na kufikia mahali nilikuwa siogopi wala sicheki, nahesabu tu. Uchafu ukigeuzwa mashindano hauna mwisho ila kichefuchefu. Peacemaker nayo ina kichefuchefu, ila inauliza swali ambalo The Boys mara nyingi hailijali. Inauliza: haya matusi, aliyekufundisha ni nani?

Turudi kwenye utani. Nikisema utani, wa Bara mnanielewa kwa undani zaidi kuliko neno la kamusi. Mngoni na Msukuma, Mzaramo na Mnyamwezi: watu ambao mababu zao walipigana au walibebeana mizigo njia za misafara, wakamaliza kwa kupeana ruhusa. Mtani anafika msibani kwako, unalia, naye anadai marehemu alikuwa na deni lake la pombe. Anamwigiza marehemu anavyotembea. Anaingia kaburini, anajilaza, anasema hatoki mpaka alipwe. Anayataja ya nguoni mbele ya wazee na hakuna anayemnyooshea kidole. Masharti yake hayaandikwi popote, lakini kila mtu anayajua: anayekutania umtanie, na siku ya kwake ukalale wewe kaburini. Ukikata kamba ya kurudishiwa, utani unakufa papo hapo. Kinachobaki ni tusi.

Sasa mtazame Christopher Smith kwa jicho hilo. Baba yake, Auggie, anaigizwa na Robert Patrick. Waliokaa vibanda umiza wanamjua: ndiye yule polisi wa chuma kinachoyeyuka kwenye Terminator ya pili, ya mwaka 1991. Humu ni mzee mbaguzi, kiongozi wa watu wanaoamini kwamba Mungu aliumba weupe ili watawale, na mdomo wake unamwaga matusi kama bomba lililopasuka. Matusi yake yote yanaelekea upande mmoja. Anamtusi jirani, anamtusi mwanawe, na hakuna anayemrudishia. Alipokuwa na vijana wake wawili wadogo aliwapiganisha ili yeye na marafiki zake waburudike, na katika pambano moja Chris akampiga kaka yake Keith, Keith akaanguka, akafa. Mtoto aliyelelewa hivyo ndiye aliyekua akawa Peacemaker. Anatukana kwa sababu hiyo ndiyo lugha ya kwao. Sisi tumezaliwa tukakuta "shikamoo", yeye alizaliwa akakuta lile.

Katika filamu iliyotangulia, The Suicide Squad ya mwaka 2021, kuna mahali Peacemaker anajigamba kwamba ufuo mzima ukijazwa kitu fulani, kitu ambacho nusu yenu mnanisikiliza mkiwa nacho, na akaambiwa avile vyote kwa ajili ya uhuru, atavila kimoja kimoja mpaka ufuo uwe mweupe. Watu walicheka kwa sababu ya kitu. Mimi kilichonishika ni kile kiapo. Hapo kuna mtu aliyefundishwa kutii mpaka akasahau kuuliza anatii nini, na uchafu wa mfano wake unakivua nguo kiapo chenyewe. Mwishoni mwa filamu hiyo anatekeleza amri kwa kumuua mwenzake, Rick Flag, mtu mwema, na Flag akiwa anakata roho anamwambia kwamba hilo jina lake la Mleta Amani ni mzaha mtupu. Maneno hayo yanamfuata kwenye tamthilia nzima. Mtu anayefanyia kila kitu mzaha ameambiwa na maiti kwamba mzaha ni yeye.

Kisha anaingizwa kwenye kikosi kidogo katika mji wa Evergreen, jimbo la Washington. Kazi yao ni kuwasaka viumbe wa sayari nyingine, mfano wa vipepeo, wanaoingia vichwani mwa watu na kuwaendesha. Hadithi ya vipepeo inatosha kwa sentensi hiyo moja, kwani siyo iliyonikalisha. Kilichonikalisha ni gari la kikosi, watu watano sita wamebanana na chipsi zao, wakitukanana. Yupo John Economos, mtaalamu wa kompyuta, mtu mnene mwenye ndevu alizozipaka rangi, rangi ikamkataa. Peacemaker anaziona dakika ya kwanza na haziachi tena. Ndevu zile zinapewa majina kila kipindi. Mwanzoni ni tusi la Auggie lililobadilisha mdomo: mkubwa anamponda mnyonge. Hata mimi, ambaye si mwepesi wa kukunja uso, niliona yale ya unene wake yamezidi, na nasema wazi kwamba Gunn hapo alichuma embe la chini kabisa.

Lakini Economos anaanza kurudisha. Leota Adebayo, anayeigizwa na Danielle Brooks, dada mweusi asiyeficha kwamba hakuitaka kazi hii, anarudisha zaidi, na vizuri zaidi. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya Chris, tusi lake linakwenda na kurudi likiwa limebeba kitu. Kuna kipindi Economos anamwokoa kutoka kwa sokwe mkubwa kwa msumeno wa kukatia miti, damu imewaenea, na wakati wa kurudi gari zima limejaa kelele na kicheko. Matusi ni yale yale, kamusi haikuongezwa hata neno. Kilichobadilika ni kwamba sasa yanazunguka, kila mtu anapata zamu. Wamekuwa watani. Na kwenye kipindi cha mwisho cha msimu ule, Economos anakwama mbele ya walinzi wa adui, na swali la kwa nini anapaka ndevu rangi linamfika kweli kweli. Anajibu. Anaeleza, huku machozi yanamlenga, alivyoona mvi, alivyoona haya, alivyoanza na kushindwa kuacha. Vipindi vinane vya mzaha wa ndevu vilikuwa vinachimba kisima, na hapa maji yanatoka. Niliwahi kusoma tamthilia nzito za jukwaani zilizoshindwa kufanya hivyo kwa kurasa mia.

Hapa niingize la pembeni, maana wa Pwani wataniuliza. Kuna mzaha mwingine wa msimu ule unaomhusu Aquaman, mfalme wa bahari kwenye hadithi za DC. Peacemaker anang'ang'ania kwamba Aquaman ana mambo yake na samaki. Kila mtu anamwambia huo ni uvumi, anyamaze. Kipindi cha mwisho, vita vimekwisha, mashujaa wakubwa wanafika kwa kuchelewa wakiwa wamesimama kama sanamu, na Peacemaker akipita na majeraha yake anamtupia Aquaman neno hilo hilo usoni. Aquaman, Jason Momoa mwenyewe, analalamika kwamba amechoshwa na uvumi ule. Mwenzake anayesimama kando anasema si uvumi. Nilipomsimulia mzee mmoja mvuvi mzaha huu hakucheka kama nilivyotarajia, alitikisa kichwa tu kama mtu anayesikia habari za kwao. Alinikumbusha hadithi za zamani za pwani yetu, kwamba mvuvi aliyemnasa nguva alitakiwa kula kiapo kwamba hakumgusa kabla ya kuruhusiwa kumuuza. Wamarekani wanadhani wamevumbua.

Sasa lazima nizungumze juu ya Gunn mwenyewe, kwa sababu ukikwepa hapo umezungumza nusu. Alianzia Troma, studio ya New York ya filamu za bei rahisi na uchafu wa makusudi, akashiriki kuandika Tromeo and Juliet ya mwaka 1996, ambayo sithubutu kueleza wanachomfanyia Romeo na Juliet wa watu. Akapanda, akawatengenezea Disney filamu zilizopata fedha nyingi. Kisha Julai 2018 wapinzani wake wa kisiasa wakafukua maandishi yake ya zamani ya mtandaoni, vijichekesho vya miaka kati ya 2008 na 2012 juu ya kubaka na kudhulumu watoto, na Disney ikamfukuza. Aliomba radhi, akaeleza kwamba siku zile alijiona mchokozi. Machi 2019 Disney ikamrudisha, lakini katikati hapo Warner Bros. walikuwa wamekwishamchukua, na ndipo ikaja The Suicide Squad, na kutoka humo Peacemaker. Novemba 2022, mchafu yule yule akakabidhiwa, pamoja na Peter Safran, uongozi wa studio nzima ya DC, Superman ndani yake.

Wapo waliomtetea kwa kusema mzaha ni mzaha. Mimi simo. Nilivyoyasoma maandishi yale, naona kasoro yake ni ya kimasharti: hakukuwa na mtani. Mtoto aliyedhulumiwa hana utani nawe wa namna hiyo, hawezi kurudisha, hayumo garini. Ni bomba la Auggie. Siwezi kuapa kilichomo moyoni mwa mtu, wala simfahamu Gunn, ila naona mtu aliyefukuzwa kwa utani wa upande mmoja akakaa ndani miezi ya korona na kuandika vipindi vinane juu ya mwanamume anayejifunza, kwa shida na kwa kuchelewa, tofauti ya tusi na utani. Kwenye kipindi cha saba mwanamume huyo anamuua baba yake. Baada ya risasi ile hapana kijembe.

Msimu wa pili unanipa tabu zaidi. Unafungua kwa Peacemaker kwenda kuomba kazi kwa kikundi cha mashujaa wanaoheshimika. Wanamsaili wakiwa nyuma ya kipaza sauti, wanasahau kukizima, na yeye amekaa kwenye kiti anawasikia wakimcheka kama mtu asiye na thamani. Sisi tunaofanya kazi mbele ya vipaza sauti tunajua baridi hiyo inavyopanda mgongoni. Hilo kwa Kiswahili si utani wala si tusi, ni kusengenya, na ndilo lililomuuma kuliko makofi ya baba yake. Baadaye usiku ule kuna karamu nyumbani kwake, ya aina ambayo hapa napita nyuma ya wanaoswali kwa haraka sana, viatu mkononi. Miili mingi, nguo chache. Gunn anatuonyesha Chris akipita katikati yao kama mtu anayetafuta funguo. Nimeelewa alichotaka. Bado nadhani robo ya miili ile ingetosha kunieleza upweke wake.

Lakini ndani ya nyumba ya baba yake kuna chumba chenye milango ya kuingilia dunia nyingine, na Chris anakuta moja inayofanana na yetu, iliyonyooka. Humo kaka yake yu hai. Humo baba yake ni mpole, anamkumbatia. Watu wanamshangilia barabarani, wanamwita shujaa, bustani zimepunguzwa majani, nyumba zimepakwa rangi. Hakuna mtu wa kumponda mtu. Chris anataka kuhamia. Vipindi vinakwenda, na mtazamaji anaanza kuwashwa na kitu asichokijua, mpaka kipindi cha sita kinapofika na unagundua kile ulichokuwa hukioni: katika mji ule wote hujaona mtu hata mmoja ambaye si mweupe. Katika dunia ile Wanazi walishinda vita.

Siku tuliyokitazama kipindi hicho bibi alikwisharudi kijijini, macho yamepona, na mpwa wangu ndiye aliyekuja tena na flashi. Mama mkwe alikuwepo. Safari hii nilikuwa nimemtahadharisha, naye alikuwa amejiandaa, ana mchicha wake wa kuchambua na ungo mapajani ili awe na pa kuelekeza macho. Adebayo, yule dada wa kwenye gari, amemfuata Chris huko bila kujua ni wapi. Anatoka nje ya nyumba, anatembea barabarani mchana kweupe, jua linawaka juu ya bustani zile nzuri. Jirani anamwona. Jirani anaita wenzake. Wanatoka majumbani, watu wa kawaida kabisa, na Adebayo anaanza kukimbia.

Hakuna aliyekuwa uchi. Mama mkwe aliweka ungo chini.

"Zima hiyo," akasema.